Santuri Isiyokuwapo

Kati ya mabishano yote yawapendezayo wapenzi wa muziki, hapana yanayodumu kama yale yahusuyo jambo ambalo halikutokea. Wimbo uliokwisha kupigwa waweza kusikilizwa mara ya pili na ya tatu, ukahukumiwa, na mabishano yakakoma. Wimbo ambao haukupigwa hauna hukumu. Kila mtu huupiga kichwani mwake kama apendavyo, na humo kichwani hapana mpigaji akosaye wala uzi ukatikao. Nataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya santuri moja ya namna hiyo, ambayo wapenzi wa dansi ya Kongo wameitamani kwa miaka mingi: ile ambayo Franco na Dakta Nico wangaliipiga pamoja, gitaa mbele ya gitaa.

Huenda majina haya umeyasikia kwa babu au nyanya yako tu, au kwa mtangazaji wa redio siku ya Jumapili. Basi yafaa tuanze kwa kujua walikuwa watu gani, kwa kuwa mabishano haya hayana ladha kwa mtu asiyeijua mikono ya hao wanaobishaniwa.

Franco jina lake lilikuwa François Luambo Makiadi. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona Bata, upande wa magharibi wa Kongo, akalelewa katika mji wa Léopoldville, ambao leo waitwa Kinshasa. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, na mama yake aliuza maandazi sokoni. Husimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa mkebe na nyaya za umeme zilizochunwa ngozi, akawa akilipiga karibu na meza ya mamaye ili wanunuzi wavutike. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, alianza kupiga katika studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya mfanyabiashara Mgiriki. Mwaka 1956 akawa mmoja wa vijana walioianzisha bendi ya O.K. Jazz, na bendi hiyo aliishi nayo mpaka alipokufa nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989.

Nico alizaliwa tarehe 7 Julai 1939, mwaka mmoja na siku moja baada ya mwenzake, huko Mikalayi katika nchi ya Kasai. Jina lake lilikuwa Nicolas Kasanda. Alisomea ualimu wa ufundi, jambo ambalo mimi mwalimu hupenda kulitaja kwa majivuno, ingawa sina fungu langu katika sifa hiyo. Alipata jina katika African Jazz, bendi ya mwimbaji Joseph Kabasele, na watu wakamwita Dakta kwa ustadi wa vidole vyake. Kando yake alipiga kaka yake, Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Déchaud. Mkumbuke Déchaud, maana tutamrudia. Nico alifariki huko Brussels mwaka 1985.

Hivyo watu hawa wawili walikuwa hirimu moja, wa kazi moja, katika mji mmoja. Walakini walikuwa vichwa vya shule mbili za muziki, na mpenzi wa dansi mjini Léopoldville alitakiwa awe wa hapa au wa pale. African Jazz ilipenda unadhifu. Ilikuwa imesikiliza sana santuri za Cuba, zilizokuwa zikiingia Kongo tangu miaka ya 1930, na waimbaji wake waliimba kwa sauti laini zilizopangwa vizuri. O.K. Jazz nayo ilisikiliza Cuba, lakini haikuona haya kuingiza dansini vumbi la ngoma za nyumbani. Muziki wake ulikuwa mzito, wenye kukanyaga chini.

Tofauti hiyo husikika wazi zaidi katika magitaa. Siku hizi nyimbo hizo zapatikana hata katika simu; kwa hiyo usiniamini mimi tu, bali sikiliza mwenyewe. Chukua wimbo mrefu wa O.K. Jazz. Waimbaji wakiisha kusema yao, huja sehemu iitwayo sebene, ambapo sauti za watu hunyamaza na magitaa hushika njia. Hapo Franco hutoa kifungu kifupi chenye sauti chache, akakirudia. Kisha hukirudia tena. Mtu asiyezoea hudhani kwamba sindano imekwama katika mkwaruzo. Lakini tega sikio, utaona kwamba kifungu kile hakirudi jinsi kilivyokwenda: mara kimecheleweshwa kidogo, mara kimekazwa, mara kimeachwa nusu ili ngoma zikimalize. Wala hapigi uzi mmoja mmoja tu. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada huzishika nyuzi mbili pamoja, hata kila neno la gitaa lake husikika likifuatwa na kivuli chake. Nguvu ya Franco haimo katika kwenda mbali. Imo katika kukaa mahali pamoja mpaka mahali hapo pakachemka.

Nico hakai. Yeye hushika uzi mmoja na kutembea nao, akipanda, akishuka, akizunguka nyuma ya mwimbaji na kutokea mbele yake. Hata apigapo mbio, hakuna sauti inayomeza nyingine. Ni kama msomaji hodari ambaye hula hakosi kutamka hata herufi moja. Mara nyingine alipiga gitaa la Kihawaii, lile ambalo nyuzi zake huteleza na kulia kama mtu, na ukilisikia utajua mara moja kwamba alilolitafuta siku zote lilikuwa ni uimbaji. Gitaa la Franco lazungumza. Gitaa la Nico laimba. Najua kwamba maneno hayo mawili ni machache mno kwa watu waliopiga muda mrefu na kwa namna nyingi, na mpenzi wa kweli atanionyesha upesi nyimbo ambazo Franco ameimba kwa nyuzi na Nico amezungumza. Lakini kama ni lazima kuanzia mahali fulani, hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa yasikilize mabishano yenyewe. Katika chuo cha ualimu ninachofundisha, huzuka karibu kila mwaka miongoni mwa wanachuo ambao wote wamezaliwa baada ya mabingwa hao kufa, na jambo hilo peke yake ni ajabu. Ni nadra mtu kugombana kwa ajili ya marehemu asiye wa ukoo wake.

Kambi ya Franco husema kwamba katika santuri hiyo Nico angalimezwa. Angaliremba, angalipamba, nao wasikilizaji wangalisifu, lakini miguu ya wachezaji ingalimfuata Franco. Dansi, wasema, si maonyesho ya vidole. Ni kazi ya kumwinua mtu kutoka kitini. Kambi ya Nico hujibu kwamba kumwinua mtu kitini hata ngoma peke yake yaweza, na kwamba gitaa limepewa nyuzi sita ili lifanye yasiyowezekana kwa ngoma. Wakiwekwa pamoja, wasema, masikio ya watu yangaligundua katika ubeti mmoja tu nani fundi na nani mwenye bidii. Maneno huwa makali. Nimesikia Franco akiitwa mtwanga mtama, na Nico akiitwa mshona mapazia. Matusi hayo mawili ni ya uongo, lakini si ya kijinga, kwa sababu kila moja limeona kitu cha kweli likakitazama kwa jicho baya: kutwanga kuna mdundo, na pazia lina nakshi.

Ipo na kambi ya tatu, ya wapatanishi, nayo ndiyo yenye watu wengi. Hawa husema: kwa nini tugombane? Wawekeni wote wawili katika santuri moja, nasi tutapata utamu mara mbili. Husifiwa kwa busara na upole wao. Kwa maoni yangu, ndio wanaokosea zaidi kuliko wote. Wale wa kambi mbili za kwanza, pamoja na ukali wao, wamesikiliza; wanajua kwamba vitu hivi ni tofauti na kwamba tofauti yenyewe ina maana. Mpatanishi hufanya hesabu ya kujumlisha. Lakini muziki hauna hesabu hiyo, kama vile chai isivyokuwa tamu mara mbili kwa kutiwa sukari ya vikombe viwili. Huwa shira.

Kila yanapofika hapo mimi huuliza swali moja, nalo huzima kelele kwa muda: katika santuri hiyo, nani angalipiga ridhimu?

Swali hili laonekana dogo kwa mtu asiyejua kazi za bendi. Dansi ya Kongo ya wakati ule yasimama juu ya magitaa kadhaa, na kila moja lina kazi yake. Besi hushika msingi. Gitaa la ridhimu hukata wakati vipande vipande vilivyo sawa na kuvipanga bila kuchoka, dakika nenda dakika rudi, na mpigaji wake asipokuwapo ndipo watu hugundua kwamba alikuwapo. Baadaye bendi nyingi zikaongeza gitaa la kati, lisilo ridhimu wala solo, lenye kujaza nafasi iliyo baina ya hayo mawili. Juu ya hayo yote ndipo huja solo, anayetajwa, anayepigwa picha, anayepewa majina kama Dakta na Mchawi wa Gitaa. Mwenye kutamani solo wawili katika santuri moja ametamani wafalme wawili katika kiti kimoja, akasahau kuhesabu viti.

Nimeona jambo hili kwa macho, tena katika udogo wake. Kikundi cha muziki cha chuo kimoja kilikuwa na vijana wawili wapigao gitaa vizuri sana. Kila mmoja alikataa kabisa kumpigia mwenzake ridhimu, hata kwa wimbo mmoja. Wakapiga solo wote wawili, kila mmoja akiongeza sauti ili asikike, mpaka mwimbaji akashuka jukwaani bila kuimaliza beti ya pili. Kikundi kilikufa muhula ule ule. Hapakuwa na upungufu wa vipaji.

Utaniambia kwamba Franco na Nico hawakuwa watoto wa chuo. Ni kweli. Basi tuache kukisia, tutazame mambo matatu yaliyotokea katika muziki huo huo wa Kongo.

La kwanza ni la mwaka 1960. Mwezi wa Januari wakuu wa Kongo walikutana na Wabelgiji huko Brussels kuzungumza juu ya uhuru, na Kabasele akaenda huko na wanamuziki wake kuwaburudisha wajumbe. Huko ndiko ulikotoka wimbo wa Indépendance Cha Cha, uliosikika karibu Afrika nzima mwaka ule. Gitaa lake ni la Nico. Lakini si wanamuziki wote wa safari ile waliotoka African Jazz. Wawili, mwimbaji Vicky Longomba na mpigaji gitaa Brazzos, walikuwa wa O.K. Jazz. Kwa hiyo shule hizo mbili ziliwahi kukaa katika chumba kimoja, katika saa kubwa ya historia ya nchi yao, na mambo yakaenda sawa. Franco hakuwamo, alibaki Léopoldville. Wapenzi wengi huitaja safari hiyo kwa kuuma vidole: laiti angalikwenda! Lakini fikiri, msomaji, Brazzos alifanya nini huko. Hakwenda kushindana na Nico. Alikwenda kumtegemeza. Yule wa O.K. Jazz aliyeweza kukaa karibu na Nico ndiye aliyekubali kazi nyingine.

La pili ni la mwaka 1963. Nico na mwimbaji Tabu Ley, aliyeitwa Rochereau, waliondoka kwa Kabasele wakaanzisha African Fiesta. Hapo palikuwa na mabingwa wawili ambao hawakugombea kiti, maana mmoja alikuwa wa koo na mwingine wa nyuzi, na nyimbo walizotoa ni miongoni mwa zilizo tamu kabisa katika dansi yote ya Kongo. Walakini haikupita miaka mitatu wakatengana, kila mmoja akashika bendi yake. Kumbe hata viti vikiwa viwili, hubaki swali la jina la nani liandikwe juu ya mlango. Jambo hili hupunguza nguvu ya hoja yangu, nami siwezi kulificha: kugawana kazi huwezesha wimbo kupigwa, lakini hakuwalazimishi wapigaji kupendana.

La tatu ni la mwaka 1983, nalo ndilo kambi ya wapatanishi hulitaja kwa shangwe. Mwaka huo Franco na Tabu Ley, waliokuwa wamesimama pande mbili za ushindani huo kwa zaidi ya miaka ishirini, walitoa santuri pamoja, na mojawapo, Omona Wapi, yasikilizwa hata leo. Mmoja aliongoza O.K. Jazz, mwingine alitoka katika nyumba ya Kabasele. Wapatanishi husema: mnaona? Yaliwezekana! Naam, yaliwezekana. Lakini sikiliza jinsi yalivyowezekana. Tabu Ley haimbi kwa nguvu ya Franco, na Franco haimbi kwa ulaini wa Tabu Ley. Sauti moja ni nzito, ya mtu anayesimulia kwa kukemea, na nyingine ni nyembamba, ya mtu anayebembeleza. Na gitaa la Franco halina mpinzani humo. Ndiyo maana santuri hizo zasikika kana kwamba ni mazungumzo ya wazee wawili barazani, na wala si mashindano.

Nimetaja mazungumzo, na hapa sisi tusomao Kiswahili tuna mfano wetu wa karibu kuliko wote. Malenga wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa mashairi tangu zamani. Wewe uliyesoma ushairi wajua desturi yake: anayejibu hutwaa mizani ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia, ndipo humpinga kwa vyombo vyake mwenyewe. Tazama ukali wa sharti hilo. Huwezi kumjibu mtu kabla hujamsikiliza kwa makini hata ukazihesabu silabi zake. Wala malenga wawili hawaimbi kwa wakati mmoja. Mmoja husema, mwingine hunyamaza, na kunyamaza kwake ni sehemu ya shairi. Wale wanaotamani santuri ya Franco na Nico aghalabu huwafikiria wakipiga pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa kama kusikiliza washairi wawili wanaosoma beti zao kwa pamoja: makelele yenye vina.

Ndipo nikasema kwamba kinachotamaniwa si watu wawili. Ni kazi mbili zinazosikilizana, na hilo mtu mmoja aweza kulifanya. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, alinaswa na chombo cha Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa peke yake na gitaa lisilo la umeme. Usikilizapo wimbo wake wa Masanga utaapa kwamba wako wawili. Gumba lashika njia chini, kidole kingine chacheza juu, na kimoja hungoja kingine. Bosco alipata kuja Nairobi, na wapigaji wetu wengi wa zamani walijifunza kwa kumwiga. Wengi waliiga mbio za kidole cha juu. Waliokuwa na akili waliiga gumba.

Sasa nirudi kwenye swali langu, maana mhakiki asiyethubutu kutoa hukumu amekula chakula cha bure. Ningalipewa mimi kuipanga santuri ile, ningalianza kwa kumtafuta Déchaud. Wapigaji wengi wamesifiwa kuliko yeye, nami sioni kwamba walistahili. Kwa miaka mingi mdogo wake alitembea juu ya nyuzi kama mtu atembeaye juu ya ukuta mwembamba, na ukuta huo ulikuwa Déchaud. Mkate ridhimu angalikuwa yeye, wala nisingalikubali mwingine.

Franco ningalimweka kati. Kambi yake itapiga kelele hapa, itasema nimemshusha cheo. Lakini wale wamsifuo kwa kuwa huinua watu kitini wametoa wao wenyewe hoja yangu: kazi hiyo haifanywi juu, inafanywa katikati, pale kifungu kifupi kinaporudi na kurudi mpaka wimbo mzima unageuka kuwa nyumba yake. Nyuzi zake mbili mbili zina upana. Zingaliijaza nafasi iliyo baina ya Déchaud na anga bila kuziba njia ya mtu. Na juu, katika uwazi ule, ningalimwachia Nico, ambaye hana haja ya upana, ila anataka mahali pa kupita.

Kambi ya Nico isifurahi mapema. Katika mpango huo Nico angalikuwa wa kwanza kunyamaza. Atoe mstari wake, mrefu kama apendavyo, kisha aache; Franco autwae mwisho wa mstari ule, sauti tatu au nne tu, aurudie kwa nyuzi mbili mbili, auzungushe, aukaze, mpaka Nico auone ule mkia wa wimbo wake umekuwa kitu asichokitambua na ashindwe kujizuia kuujibu. Hapo ndipo hatari ilipo. Sina hakika kwamba Franco, aliyezoea kuamuru bendi nzima kwa jicho, angalisikia jibu hilo na kutulia alipo. Sina hakika kwamba Nico angalilitoa kwa maneno machache. Ridhimu peke yake naiamini. Namwona Déchaud amekaa kitini, uso wake haubadiliki, mkono wake wa kulia unakwenda vile vile ulivyokuwa ukienda tangu wimbo ulipoanza, naye anangoja wale wawili waamue.